Deni na Uhuru katika Mabepari wa Venisi

Wahakiki wengi wameisoma Mabepari wa Venisi (1969), tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare, kama mwangwi wa Azimio la Arusha la 1967. Hoja yao ni anwani: mfanyabiashara mmoja amegeuka mabepari wengi. Maelezo haya hayatoshi. (Bepari, neno lenye asili ya Kihindi, lilimaanisha mfanyabiashara tu kabla ya kutwishwa siasa.) Kiini cha tamthilia ni deni, na masharti ya mkopeshaji rais huyu wa kwanza aliyajua vyema. Mapema 1965 Ujerumani Magharibi iliondoa msaada wake wa kijeshi kwa kuwa Ujerumani Mashariki imeruhusiwa kufungua ubalozi mdogo Dar es Salaam. Nyerere akaukataa na msaada uliosalia. Desemba hiyo alivunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Kwa msomaji wa 1969, basi, ratili ya nyama anayoidai Shylock haikuwa istiari ya tabaka peke yake. Hata hivyo, usomaji huu nao una mpaka: Antonio aliokolewa na Portia mahakamani, ilhali Tanzania haikuwa na mahakama ya kuikimbilia. Ilichagua kuukosa mkopo.