Nuru Inayoficha

Mwaka 1924 Italia ya Mussolini iliunda shirika la filamu lililoitwa Luce, neno ambalo kwa Kiitaliano maana yake ni nuru. Tangu 1926 kumbi zote za sinema nchini humo zililazimishwa kuonyesha filamu zake. Miongoni mwa kazi hizo ni Il cammino degli eroi, yaani Njia ya Mashujaa, filamu ya hali halisi ya Corrado D'Errico (1936) juu ya vita vya Uhabeshi.

Kwa ufundi, kazi hii si ya kubezwa. Meli zapakiwa, barabara zajengwa, majeruhi watibiwa. Picha zafuatana kwa mpango na mvuto. Mengi yaonekanayo yalitendeka kweli. Uongo umo katika kilichoachwa: gesi ya sumu iliyomwagwa na ndege juu ya Wahabeshi. Haile Selassie aliishtaki mjini Geneva Juni 1936. Serikali ya Italia haikukiri rasmi hadi 1996. Katika filamu, vita vimegeuzwa kazi ya ujenzi.

Sisi tufundishao hapa Rusizi, katika nchi ambamo mwaka 1994 redio ilichochea mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, hatuwezi kuliona jambo hili kuwa la mbali. Mwanafunzi akishajibu swali la ufahamu, "Nani anatenda nini?", hatuna budi kumwuliza pia: "Nani hakuonyeshwa, na kwa nini?" Ufahamu usiofika hapo ni nusu tu.