Kobe Alichimba, Mbayuwayu Wakatoweka

Nilinunua The Natural History of Selborne kando ya barabara Nairobi, kwa bei ya chapo madondo, wiki chache baada ya kuacha chuo. Karo ilikuwa imeisha, na mimi nilikuwa nimechoka kueleza. Nilitaka kitabu kisichoniuliza swali. Hiki ni mkusanyo wa barua za Gilbert White, kasisi wa kijiji kimoja kusini mwa Uingereza, na jalada lake la kwanza lina mwaka wa 1789. Ni ndege, panzi, mvua na bustani tu. Hakuna hadithi. Nilirudi nacho nyumbani Machakos nikidhani nitasinzia ukurasa wa tano.

Kumbe kuna kobe.

Novemba 1, 1771, bustanini kwa shangazi yake, White anamwona kobe mzee akianza kuchimba shimo la kulala majira ya baridi. Miguu ya mbele inakwangua udongo, ya nyuma inautupa, polepole hivi kwamba White anaufananisha mwendo huo na mshale wa saa. Novemba 13 shimo bado halijaisha, maana baridi yenyewe haijakaza. Na mnyama huyu, mwenye gamba la kuhimili mkokoteni, anaogopa mvua! White anaona kichekesho hicho na hakikazii. Anaandika alichoona, basi. Hapo ndipo nilipoanza kumwamini.

Wapenzi wa kitabu hiki hukisifu kwa utulivu wake. Mimi utulivu huo naushuku kidogo. Mtu anapata nafasi ya kumtazama kobe siku kadhaa kwa sababu jembe limeshikwa na mwingine. Thomas Hoar, mtumishi wa White, alifanya kazi za bustani, na bwana akisafiri alimwekea kumbukumbu za hali ya hewa. Naye pia alikuwa akitazama. Lakini katika barua hizi sauti yake karibu huisikii.

Kasoro kubwa zaidi, na ndiyo inayonifanya nikirudie kitabu, ni mbayuwayu. Kila mwaka majani yakipukutika, ndege hawa walitoweka Selborne. Waliendea wapi? Kaka yake White aliyeishi Gibraltar alimwarifu kwamba huko waliwaona wakivuka bahari. White akakubali kwamba baadhi husafiri. Hata hivyo hakuweza kuacha wazo kwamba wengine hujificha karibu na kulala hadi joto lirudi. Akawatafuta vichakani na mashimoni, asiwapate. Nadhani kobe ndiye aliyemponza. Alikuwa amemwona kwa macho yake kiumbe akiingia udongoni na kutoka tena Aprili, akamkadiria ndege kwa kipimo hicho. Mtazamaji hodari, lakini jibu halikuwa bustanini mwake.

White alifariki mwaka wa 1793. Miaka mia moja na zaidi ikapita kabla ya mbayuwayu aliyevishwa pete mguuni Uingereza kupatikana Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912. Nilipojua hilo nilicheka, kisha nikanyamaza. Hao wa Uingereza huelekea hasa kusini kabisa. Wanaokuja kwetu wengi wanatoka kwingine Ulaya na Asia, kuanzia Septemba hivi hadi Aprili. Lakini swali la White ni lilelile, na mamangu angelijibu huku akipepeta maharagwe.

Shuleni tulifundishwa kwamba majira yale ya majani kupukutika kwa Kiswahili ni vuli. Vuli gani? Vuli yetu ni mvua. Miezi ileile White anayofunga bustani, hapa tunapanda. Kobe wake anashuka udongoni na mahindi yetu yanachomoza. Mamangu hajawahi kuandika hata mstari kuhusu ndege, ila akiwaona wakipiga mbizi juu ya shamba wakifuata wadudu, anasema, "Wageni wameshafika." Anachokiita White kutoweka, yeye anakiita kufika. Huo ndio ukurasa unaokosekana katika kitabu hiki, na White hangeweza kuuandika akiwa Selborne.

Bado nakipendekeza. Si kwa utulivu, na si ati tuige bustani za Kiingereza. Kisome kwa sababu mwandishi aliacha shaka yake pale ilipo. Angeweza kuzifuta barua za mbayuwayu ili aonekane mjuzi. Alikuwa na miaka mingi ya kufanya hivyo kabla ya kuchapisha. Hakufanya. Chuoni nilijifunza kuandika insha zisizo na shaka hata moja, na sikumbuki hata moja kati ya hizo.

Niliosoma nao wakinipigia simu bado huuliza, "Ulipotelea wapi?" Sikupotea. Niko huku, nyaya za stima zimejaa mbayuwayu, na mamangu ananiita nikapalilie.