Tairi la Kipupwe: Uhakiki wa Istilahi za Matairi ya Magari ya Kasi

Tumeletewa kijitabu cha kurasa chache chenye kichwa hiki: "Mwongozo wa Kuchagua Matairi ya Kipupwe kwa Gari la Utendaji wa Juu". Jina la aliyekichapisha hatulitaji, kwa kuwa makosa yaliyomo si ya mtu mmoja. Yaelekea ni kazi ya mashine ya kutafsiri ambayo hakuna mwanadamu aliyeipitia baadaye. Twakihakiki hapa kwa sababu tulipata bahati ya kukisoma mahali ambapo maneno yake yalipimwa papo hapo na watu wanaoendesha magari na wanaoziba pancha, wala si na sisi wakaa ofisini.

Mahali penyewe ni Ruaruke, katika Wilaya ya Kibiti, upande wa delta ya Rufiji. Ulikuwa mwezi wa Machi, mvua za masika hazijashika bado. Kijana mmoja mzaliwa wa huko, afanyaye kazi Dar es Salaam, alikuja kuwasalimu wazee wake na gari aina ya Subaru Impreza, lililotumika kwanza Japani kabla ya kufika pwani yetu. Matairi yake yalikuwa bado yale yale ya Japani, na ubavuni yana alama ya mlima wenye vilele vitatu na ndani yake nyota ya theluji. Kijitabu alikikuta ndani ya gari. Kilimwagiza kwamba matairi ya aina hiyo yafungwe kipupwe kinapoanza na yavuliwe kipupwe kinapokwisha. Akatuuliza swali ambalo tangu siku ile halijatutoka: "Mwalimu, kwa hiyo masika haya niyavue, halafu Juni niyarudishe?"

Msomaji na alitazame vizuri swali hili. Kijana hakukosea kusoma. Kipupwe kwa mtu wa pwani ni ule wakati wa Juni hadi Agosti, upepo wa kusi unapovuma na asubuhi zinapokuwa na ubaridi wa kupendeza. Katika bonde la Rufiji, mafuriko yanapopungua katika miezi hiyo, wakulima hushuka mabondeni kupanda mazao ya mlau katika ardhi iliyobaki na unyevu. Barabara hukauka na vumbi huanza. Basi mwongozo huu, ukisomwa kwa Kiswahili kilichomo, unamtaka mtu wa Ruaruke afunge matairi maalumu ya kushika barabara katika miezi ile ile ambayo barabara yake ni njema, na ayavue wakati tope linapokuja. Sarufi ya sentensi ni sahihi, neno limo katika kamusi, na maana imepotea yote.

Hatusemi kwamba mfasiri aliliokota neno jalalani. Vitabu vya jiografia na riwaya zilizofasiriwa zimezoea kutumia kipupwe kwa majira ya baridi ya Ulaya, na sisi wenyewe tumewahi kulipitisha bila kusita. Katika hadithi halina madhara: theluji ikianguka Moscow katika kipupwe, msomaji wa Kilwa ataelewa kuwa ni kipupwe cha kwao, si cha kwetu. Lakini maelekezo ya chombo si hadithi. Yanamwambia mtu afanye jambo fulani kwa mkono wake, siku fulani, na uhai wake uko juu ya jambo hilo.

Na hapa ndipo ilipo kasoro kubwa zaidi. Tairi hili halikutengenezwa kwa ajili ya mwezi wowote wa kalenda. Limetengenezwa kwa ajili ya mpira. Mpira wa tairi la kawaida huanza kuwa mgumu joto lishukapo chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi, na ukishakuwa mgumu haushiki lami vizuri hata kama hakuna theluji. Mpira wa tairi tunalolizungumzia huchanganywa kwa namna ya kubaki laini katika baridi hiyo. Ubaridi wa namna hiyo hauijui Ruaruke hata usiku wa Julai. Likifungwa huku, katika lami yenye joto ya barabara ya Kibiti, mpira huo laini hulainika kupita kiasi: huisha upesi, gari huchukua umbali mrefu zaidi kusimama, na katika kona za mwendo mkali kashata hujipinda. Hayo ni ya kweli kwa gari lolote, ila kwa gari la kasi ni hatari zaidi.

Tumeandika "kashata", na baadhi ya wasomaji wetu watatabasamu. Kijitabu chetu hakina kashata. Mahali pa kashata kimeandika "kukanyaga kwa tairi", na mahali pamoja "kina cha kukanyaga kisipungue milimita 3". Neno la Kiingereza linalotajwa hapo kwa asili lina maana ya kukanyaga, na mashine ikakanyaga nalo. Lakini kila fundi wa matairi nchini Tanzania anajua kashata ni nini: ni vile vipande vya mpira vilivyosimama juu ya uso wa tairi, vinavyofanana na kashata zilizokatwa katika sinia. Vikiisha, tairi huwa kipara, na neno hilo hata askari wa usalama barabarani hulitumia. Kuna haja gani ya kuunda istilahi mpya hali watu wamekwisha iunda, wakaitumia, wakaelewana? Tungependa kuona "kina cha kashata" katika orodha zetu rasmi, hata kama wako watakaosema kuwa ni neno la mtaani. Istilahi nyingi tunazoziheshimu leo zilianzia mtaani.

Sehemu iliyochekesha watu pale chini ya mkorosho ni ile isemayo: "Chagua tairi lenye kiwanja cha mpira laini." Fundi wa pancha, mtu mzima mwenye adabu, aliomba sentensi isomwe mara ya pili. Kisha akauliza: "Na timu zipi zinacheza?" Neno la Kiingereza linalomaanisha mchanganyiko wa vitu ndilo hilo hilo linalotumika kwa ua au kiwanja cha nyumba, na mfasiri alichukua maana ya pili. "Mchanganyiko wa mpira" ungetosha. Kicheko kilipokwisha, ikabaki kwamba ile ndiyo iliyokuwa sentensi muhimu kuliko zote katika kijitabu. Ndiyo iliyobeba sababu ya tairi kuwapo. Kijana angeielewa, asingeuliza habari za Juni.

Mahali pawili kijitabu kinahitaji maneno ambayo Kiswahili kinayo tayari, tena mazuri, nacho hakikuyaona. Kuna matairi yenye vipande vya chuma vilivyochomekwa usoni ili kuuma barafu. Kijitabu kinayaita "matairi ya vijiti". Sisi twapendekeza "matairi ya njumu". Njumu ni neno la kale la mafundi wa nakshi za madini, na leo kila mtoto wa shule anajua viatu vya njumu vya mchezaji wa kandanda. Kiatu na tairi vinafanya kazi moja: kung'ang'ania ardhi inayoteleza. Japani ilitunga sheria mwaka 1990 ya kuzuia vumbi litokanalo na njumu kukwangua barabara, na tangu hapo matairi yasiyo na njumu ndiyo yaliyotawala huko. Ndiyo maana magari mengi yatokayo kaskazini ya nchi ile hufika kwetu na matairi yenye maandishi ya Kiingereza yasemayo "pasipo njumu". Dereva asiyejua njumu inayokosekana ni ipi hawezi kufahamu kuwa maandishi hayo ni onyo kwake.

La pili ni ile mikato myembamba, kama ya wembe, iliyochanjwa juu ya kila kashata ili iume theluji. Kijitabu kinasema "mistari midogo ya kupiga". Sisi hatukuielewa, wala fundi hakuielewa. Alipoonyeshwa mikato yenyewe kwenye tairi alisema mara moja: "Hizi chale." Hatuna la kuongeza.

Chale hizo zina habari nyingine. Matairi mengi ya aina hii yana pia alama ya M+S, yaani matope na theluji, nacho kijitabu kimeifasiri sawasawa. Tatizo ni kwamba msomaji wa Ruaruke, akiona neno matope, atadhani amepata dawa ya masika. La hasha. Tope la bonde la Rufiji hunata. Hujaza chale, kisha hujaza nafasi zilizo kati ya kashata, na tairi likageuka kuwa kama limepakwa ugali. Kinachotakiwa huko ni kashata kubwa, zenye kina na nafasi pana, ili tairi lizungukapo lijitemee tope. Zaidi ya hayo, alama ya M+S hutiwa na mtengenezaji kwa hiari yake pasipo kipimo maalumu, ilhali alama ya mlima na nyota ya theluji hutolewa baada ya majaribio. Ujerumani imekwisha acha kuikubali M+S peke yake kuwa ushahidi wa tairi la theluji. Tafsiri sahihi ya herufi mbili inaweza basi kupotosha, isipofuatana na maelezo ya mstari mmoja.

Kuchagua matairi ya gari la kasi kwa kuitazama ardhi si jambo geni kwetu. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka, katikati ya masika. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka na 7 yakamaliza. Mwaka 1968 yakaondoka 93 na vilevile 7 tu yakamaliza. Matope ndiyo yaliyoamua sehemu kubwa ya hayo. Joginder Singh, aliyeshinda mwaka 1965, 1974 na 1976, hakuhitaji kijitabu cha kumweleza kwamba nguvu za injini ni bure ikiwa tairi halishiki. Tunasikitika tu kwamba maneno waliyoyatumia mafundi wa mashindano hayo gereji hayakukusanywa.

Sasa, tuliite nini tairi lenyewe? Kipupwe tumekwisha kikataa. "Tairi la majira ya baridi" lina kasoro ile ile ya kalenda, tena ni refu. "Tairi la baridi" ni fupi na lingetupendeza, lakini kijitabu hiki hiki, ukurasa wa mwisho, chasema upepo upimwe "tairi likiwa baridi", yaani kabla ya kuendeshwa. Mtu akiyasoma yote mawili, ataona tairi la baridi likipimwa likiwa baridi, na hatajua lipi ni lipi. Limebaki "tairi la theluji". Twalikubali, ijapokuwa si kamili, maana tairi hilo lina kazi yake hata katika lami kavu ikiwa baridi imezidi. Wasomaji wetu waishio Uswidi, ambako sheria huyataka matairi hayo kuanzia 1 Desemba hadi 31 Machi barabara zinapokuwa na hali ya baridi hiyo, watapaswa kuelezwa jambo hilo kwa sentensi ya ziada. Lakini kwa msomaji wa Ruaruke neno theluji linafanya kazi ambayo hakuna jingine liwezalo kuifanya: linamwambia mara moja kwamba tairi hili si lake.

Kuhusu "gari la utendaji wa juu" tutakuwa wafupi. Utendaji ni wa ofisi na wa watumishi. "Gari la mbio" ni la mashindano. "Gari la mwendokasi" lingefaa sana kama Dar es Salaam isingekwisha kulichukua neno hilo, tangu mwaka 2016, kwa mabasi ya njia maalumu. Mtu akiandika leo "matairi ya mwendokasi", watu watayatafuta Kimara. Tumetumia "gari la kasi" katika makala haya, na neno hilo lina faida ya kumkumbusha msomaji jambo lililoachwa nyuma na kijitabu: herufi ya mwendo iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. Matairi ya kijana yule yalikuwa na herufi Q, ambayo ukomo wake ni kilomita 160 kwa saa. Gari la kasi aghalabu hutoka kiwandani na V, yaani 240, au W, yaani 270. Kijitabu kimeiita herufi hiyo "alama ya spidi iliyokadiriwa", maneno yanayodokeza kuwa ni makisio. Si makisio, ni ukomo. Tuandike "ukomo wa mwendo".

Limebaki neno moja ambalo tumeshindwa nalo. Kijitabu kinatumia "kuteleza" kwa mambo mawili: gari linapokwenda upande lisipotakiwa, na gurudumu linapozunguka papo hapo bila gari kusogea. La kwanza Kiswahili kinalo, nalo ni kuserereka. La pili, ambalo kila dereva wa masika analijua vyema, watu wa Ruaruke walitueleza kwa sentensi nzima na kwa kuzungusha mkono hewani, kila mmoja kwa namna yake. Wasomaji wenye neno moja kwa jambo hilo, hasa walio katika gereji na katika vyuo vya ufundi, tunawaomba watuandikie.