Hawezi, Haruhusiwi au Havai? Katazo la Chuma katika Kanuni za Dungeons & Dragons

Toleo la 2014 la Player's Handbook, kitabu cha kanuni za mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons, linampa druidi ujuzi wa kuvaa dirii nyepesi na za kati na kubeba ngao, kisha linaongeza ndani ya mabano kwamba hatavaa dirii wala kutumia ngao za chuma. Ubishi uliozuka juu ya mabano hayo chanzo chake ni cha kiisimu: kitenzi kisaidizi "will" cha Kiingereza hubeba wakati ujao, hiari na, katika maandishi ya kikanuni, sharti.

Matoleo ya awali hayakuwa na utata huo. Kitabu cha Gary Gygax cha 1978 kilieleza kuwa chuma huharibu nguvu za druidi. Toleo la 2000 lilitaja hata muda wa adhabu: hawezi kufanya uchawi akiwa amevaa dirii iliyokatazwa, na kwa saa 24 baadaye. Katika toleo lenyewe la 2014, mhusika yeyote aliyevaa dirii asiyofunzwa hawezi kufanya uchawi. Kuhusu druidi na chuma, kitabu kimenyamaza.

Jeremy Crawford, msanifu wa kanuni hizo, alijibu kuwa druidi anaweza kuvaa chuma ila huchagua kutovaa, kama mtu asiyekula nyama. Mfano huo haunitoshelezi. Asiyekula nyama amejiamulia mwenyewe. Druidi ameamuliwa na kitabu, ilhali hiari ya mhusika ni haki ya mchezaji. Wala gharama yake si ndogo: dirii ya ngozi ya mnyama hutoa kinga ya 12, ya nusu bamba 15. (Tena druidi huyohuyo amefunzwa kutumia upanga wa kupinda, ambao ni chuma kitupu.)

Mfasiri wa Kiswahili hana pa kujificha. "Hawezi" hukana uwezo. "Haruhusiwi" hudai mamlaka inayokataza. "Asivae" ni amri. "Hatavaa" husomeka kama ahadi au utabiri. Napendelea "havai". Tusemapo Mwislamu hali nguruwe, hatuzungumzii uwezo wa kutafuna wala hatutabiri. Tunataja mwiko unaomtambulisha. Kauli hiyo hubeba maana ya Crawford kuliko Kiingereza chake, lakini pia huanika pengo: akivaa, iweje? Hapo msimamizi wa mchezo hugeuka mtunga sheria. Toleo la 2024 liliondoa katazo lenyewe.

Watafsiri wa sheria hawana njia hiyo ya mkato. Tangu 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria Tanzania, na kiambishi -ta- kinatwishwa wajibu, mamlaka na wakati ujao kwa pamoja. Miongozo ya uandishi wa sheria ingepaswa kutenga -ta- kwa wajibu, kutumia "haruhusiwi" kwa katazo, na kudai kila katazo liandamane na matokeo yake katika kifungu hichohicho.