Tazama Mkanda Kabla ya Mng'aro

Boneti ya gari la zamani la MG TC ikifunguliwa, macho hukimbilia supachaja iliyong'arishwa mpaka unajiona uso. Yaache yashibe, kisha yashushe kwenye mkanda. Supachaja ni pampu ya hewa inayozungushwa na injini yenyewe kwa mkanda huo, na hapo kwenye puli ya kreki ndipo fundi hodari na fundi wa haraka wanapoachana. Weka rula ndefu ya chuma ubavuni mwa puli zote mbili, ya kreki na ya supachaja; iziguse bila mwanya. Mkanda unaokwenda upande hula kingo zake na kuacha unga mweusi. Kishikizo cha supachaja kiwe kizito, cha chuma cha kusubu, si bati lililokunjwa.

TC za 1945 hadi 1949 zina injini ya sentimita za ujazo 1,250 na nguvu ya farasi 54 hivi. Kampuni ya Shorrock ya Uingereza ilitengeneza supachaja ya mapanga: rota haikai katikati ya kasha, na mapanga hupita karibu kabisa na ukuta bila kuugusa. Hunyweshwa oili ya injini kwa kibomba chembamba. Kikimwaga kupita kiasi, moshi wa buluu utakuambia. Msukumo wa paundi 6 kwa inchi ya mraba unatosha. Hewa tunayovuta ina takriban 14.7, kwa hiyo hizo 6 ni nyongeza ya zaidi ya theluthi. Anayejisifia 12 kwenye injini ya zama hizo, muulize amebadilisha gasketi ya silinda hedi mara ngapi.

Ninalolipa uzito kuliko yote halionekani: taimingi. Mchanganyiko ulioshindiliwa huwaka upesi na kwa joto kali, hivyo cheche icheleweshwe kidogo, na kabureta ipewe sindano ya kupitisha petroli zaidi. Ushahidi umo kwenye plagi. Baada ya safari ndefu zifungue zote nne, uzipange kwa zamu ya silinda. Zikiwa kahawia iliyofifia, zote sawa, hiyo ni kazi njema. Nyeupe kama chokaa ni njaa ya petroli. Ukiona vitone vinavyometameta kwenye kauri, pistoni imeanza kuyeyuka. Huna haja ya kutazama zaidi.

Tafuta pia valvu ya springi kwenye manifodi. Injini ikipiga mshindo kinyumenyume, mvuke wa petroli uliojaa humo unahitaji mlango wa kutokea.

Wapo watakaoitetea supachaja kwa kukutajia Bentley za dereva wa mashindano Tim Birkin, zenye supachaja ya Amherst Villiers mbele ya radieta. Kweli, mwaka 1930 Birkin alishika nafasi ya pili katika Grand Prix ya Ufaransa huko Pau. Lakini mwaka huohuo, katika mashindano ya Le Mans, gari hizo hazikumaliza. Nafasi ya kwanza na ya pili zilichukuliwa na Bentley za Speed Six, zisizo na supachaja. W. O. Bentley mwenyewe, mwanzilishi wa kampuni, hakuipenda kazi ile ya kutia supachaja tangu mwanzo, nami nasimama upande wake: nguvu isiyofika mwisho wa safari ni kelele tu.

Mwisho omba kuliendesha gari. Tafuta mlima, tia gia ya tatu, kanyaga mafuta polepole injini ikiwa imeshapata moto, kisha sikiliza kama inagonga. Mwenye gari akianza kusema petroli ya siku hizi mbovu, rudisha funguo, mshukuru kwa chai.