Mafundi wa Supachaja ya Bei Nafuu

Mazda MX-5 ilipotoka mwaka 1989 ilisifiwa kwa wepesi wake na jinsi inavyokata kona, lakini injini yake ya lita 1.6 haikuwa na nguvu nyingi. Pengo hilo lilizibwa na mafundi wa karakana ndogo za Marekani na Uingereza, na kazi yao inastahili pongezi za dhati. Hawakubuni mtambo mpya. Walichukua supachaja ya Eaton M45, ambayo baadaye ilifungwa kiwandani kwenye Mini Cooper S, na hivyo za mtumba zikapatikana kwa bei ya chini. Mkanda kutoka kwenye injini huzungusha rota mbili zinazosukuma takriban lita 0.74 za hewa ndani ya injini kwa kila mzunguko.

Ugumu uko kwingine. Bamba la kushikilia supachaja lazima lichongwe kwa usahihi mkubwa, kwani puli ikikaa upande hata kidogo, mkanda huruka au hulika ukingoni. Hewa ikiongezeka, petroli nayo iongezwe. La sivyo injini hugonga na pistoni hutoboka. Kwa hiyo mafundi huweka msukumo mdogo wa hewa, injini haifunguliwi, na mwenye gari huweza kufunga seti nzima kwa spana za kawaida nyumbani kwake.