Maiti wa Mahenge Wameamka Mapema Mno

Mliokuwepo uwanjani mliliona lile igizo la wanafunzi kuhusu Majimaji, vita vya kuwapinga Wajerumani, kwa hiyo sitalisimulia lote. Onyesho la Nandete lilikuwa safi: vijana wawili wanang'oa miche ya pamba, hakuna maneno, ngoma imeshika. Kinjeketile wa pale Ngarambe, yule aliyegawa maji ya kuzuia risasi, naye hakuwa na pupa.

Kisha ikaja Mahenge. Safu zikapanda kuelekea boma la Wajerumani, bombomu, ile bunduki ya rashasha, ikalia (ya spika, nitairudia), watoto wakaanguka wimbi baada ya wimbi. Kuanguka kule kulifanyiwa mazoezi hasa: goti, bega, ubavu, na hakuna aliyechungulia. Uwanja mzima ukanyamaza. Mwongozaji akapuliza filimbi! Maiti wakasimama kwa mpigo, wakapangusa vumbi kwenye kaptura, wakachomoa bendera ndogo viunoni na kukimbia kuunda neno UHURU. Herufi H ikakosa mguu, maana mmoja alikuwa bado amelala; mwenzake akarudi kumvuta mkono. Watu wakaangua kicheko.

Hoja ya mwongozaji naijua: damu ya 1905 ilizaa uhuru wa 1961. Sina ugomvi nayo. Lakini filimbi ile ilimeza miaka 56, ikameza na mashamba na maghala yaliyochomwa, njaa iliyoua wengi kuliko risasi, na viongozi wa Wangoni walionyongwa Songea tarehe 27 Februari 1906. Tukapigishwa makofi kabla ya kuzika. Angewaacha maiti walale. Angeingiza wasichana wa madarasa ya chini wapite katikati yao, wakifunua nyuso kutafuta ndugu zao, kisha wawatoe mmoja mmoja. Dakika tatu zingetosha. Halaiki ya bendera ndipo ingeingia, tena kwa watoto wengine kabisa, si wale wale tuliowaona wakifa.

Waliopanga sherehe ya uhuru usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961 walilijua hili la kutulia kabla ya shangwe. Taa za uwanja zilizimwa, bendera ya Mwingereza ikashushwa gizani, na zilipowaka, ya Tanganyika ilikuwa juu. Giza lile lilikuwa sehemu ya onyesho. Ebrahim Hussein naye, katika tamthilia yake *Kinjeketile* ya 1969, alimwacha mtu wake mikononi mwa Wajerumani, akikataa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo. Hakumtafutia bendera ya kumfariji mtazamaji. Leo waongozaji wetu wanaogopa ukimya kuliko wanavyomwogopa mgeni rasmi.

Sasa hiyo spika. Nimelisema mara nyingi, na wanaochoka kunisikia wachoke: mlio wa bombomu hauhitaji rekodi iliyochotwa kwenye filamu za vita. Rekodi inatoka upande mmoja, askari wamesimama upande mwingine, na mtoto anaanguka kabla risasi haijalia kwa sababu fundi mitambo amechelewa kubonyeza. Wapeni vijana wawili madebe na fimbo, wakae nyuma ya boma, wamtazame kiongozi wa safu ya mbele. Atakapoinua mkuki, wapige.